Injini imechoka, lakini kwanza nikaingia chini ya gari

Toyota Altezza yangu injini imechoka, sitaki kuzunguka. Inakula oili, asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu mpaka jirani anafunga dirisha, na ile nguvu iliyokuwa inanifanya nicheke peke yangu nikishaipita Pongwe kuelekea Muheza haipo tena, unakanyaga unasubiri, unasubiri, halafu inakuja nusu. Na ukiwa na gari bovu Tanga hii ujue kila mtu ni mshauri wako, bodaboda wa kijiweni ana lake, muuza kahawa pale Ngamiani ana lake, shemeji yangu ambaye hata baiskeli anaendesha kwa kuhurumiwa naye ana lake. Nimewasikiliza wote. Leo naandika nilichoamua na kwa nini, maana naona wenzangu wengi wenye hizi gari za spoti za zamani wanaanza na swali la injini wakati kwa maoni yangu injini ni swali la pili.

Kwa asiyeijua, Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka huko huko Japani msimu wa 1998 na 1999, ikaachwa kutengenezwa 2005. Nje ya Japani waliiuza kwa jina la Lexus IS. Mjini hapa nyingi unazoziona ni AS200, silinda sita, 1G-FE, injini laini isiyo na makuu. Yangu ni RS200, hiyo ina 3S-GE silinda nne cc 2000, kichwa chake (hedi) wamekishughulikia Yamaha, VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu, kwenye shafti zote mbili za juu, kompresheni, yaani mbano wa ndani ya silinda, 11.5 kwa 1, na hosipawa 210 ambazo zinakuja kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 7,600 huko. Gia sita manyuali. Ukiiendesha RPM 2,000 kama daladala utasema gari gani hii, ikipita elfu tano na nusu ndio unaelewa kwa nini watu wanaiimba.

Na hapo ndipo ubaya wake ulipo ikichoka. Haina tabo ya kuisukumia hewa na kuibeba, nguvu yote inatokana na kubana vizuri na kuzunguka kwa kasi, kwa hiyo ringi za pistoni zikianza kupitisha au valvu isipokaa sawasawa unaisikia mguuni siku hiyo hiyo. IST ya kupeleka watoto shule inaweza kuchoka mwaka mzima mwenyewe hana habari, anaona tu mafuta yanaisha haraka anamlaumu wa sheli.

Sasa ushauri niliopewa. Vijana wanaoosha magari wana jibu moja tu, "bro weka 1JZ". Mimi hiyo injini ya 1JZ-GTE siikatai, cc 2500 na tabo, kwenye karatasi Japani waliiandika hosipawa 280, tamu. Ila hebu fikiria mpaka mwisho. Gia boksi ya RS200 ilitengenezwa kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya injini ndogo, ukiibebesha torki ya 1JZ ujue umeanza kuichimbia kaburi, kwa hiyo unatafuta gia boksi nyingine, ukibadilisha gia boksi propela shafti haifiki au inazidi, maunti zinachongwa, waya zinakatwa zinaungwa, rejeta haitoshi, na ukimaliza yote hayo mbele pamekuwa pazito na ile gari iliyokuwa inaingia kona kama inajua njia imekuwa gari nyingine. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, lazima uende TRA ibadilishwe, la sivyo siku trafiki akifungua boneti una maelezo ya kutoa juani. Kama unataka 1JZ nunua Mark II yenye 1JZ yake, ndio imezaliwa nayo.

Shemeji yeye kasema "uza bwana, agiza nyingine Japani iliyo nzima". Shemeji, gari hii ikishavuka miaka kumi TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu asilimia 30, hapo bado ushuru wa forodha asilimia 25 haujaugusa na VAT haijakaa, na Altezza changa kuliko zote duniani ni ya 2005. Nikilipa yote hayo nitapata gari la umri ule ule na injini ya umri ule ule ambayo sijui nani kaiendesha. Shemeji akanyamaza akaomba chai.

Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye injini ya mtumba, ambayo kusema kweli ndio njia wanayoshauri wengi na hata fundi wangu mwanzo aliipenda kwa sababu kwake ni kazi fupi, anashusha anapandisha kwisha. Nikampigia muuza spea mmoja Dar, akaniambia ipo, imetoka Japani juzi, milioni nne na nusu, "kaka hii haijafunguliwa kabisa". Nikamuuliza naweza kuja na geji nikaipima kompresheni hapo chini hapo hapo, weka betri na stata tu, haihitaji hata gari. Akasema hapana, ukishafunga kwako una wiki mbili, ikizingua unarudisha. Sasa niishushe injini Tanga, niipakie kwenye lori, niirudishe Dar, nani anilipe ile kazi ya fundi mara mbili? Na hata ikiwaka vizuri ndani ya hizo wiki mbili, sili zake za valvu, zile za kuzuia oili isiteremke, ni mpira wa miaka ishirini na kitu kama zangu. Nitakuwa nimenunua ugonjwa wangu kwa mtu mwingine. Sisemi injini za mtumba zote mbovu, kwa 1G-FE au 1NZ ambazo zimejaa kila kona pengine ni akili kabisa, chagua tu. Hii ya RS200 ni chache, na uchache unafanya hata mbovu iuzwe bei ya nzima.

Kabla ya kuamua chochote ikabidi nijue oili inapotelea wapi, maana "inakula oili" ni malalamiko tu, bado hujajua inalia nini. Tukaanza na cha bei rahisi, ile valvu ndogo ya PCV inayovuta mvuke wa ndani ya injini kuurudisha kwenye hewa inayoingia. Ikiziba au ikikwama wazi, injini inakunywa oili kupitia njia hiyo na wewe unaanza kuuliza bei ya pistoni. Ukiitikisa inatakiwa ilie ka-ka-ka. Yangu ilikuwa imekwama, nikaweka mpya, oili ikapungua kuliwa kidogo ila moshi ukabaki.

Halafu tukaangalia moshi wenyewe unatoka saa ngapi, hili watu hawalitazami. Ukitoka bluu asubuhi unapowasha halafu ukapotea, au unatoka pale unaposhuka mteremko umeachia mafuta kisha ukakanyaga tena, shuku sili za valvu, oili imeteremka kidogo kidogo ikakaa. Ukitoka muda wote unapopanda na mzigo, shuku ringi. Wangu ulikuwa unatoka kote. Nilimwomba mdogo wangu anifuate na pikipiki tukapanda kile kilima cha kuelekea Muheza, nikamwambia angalia ekzosi tu usiangalie wasichana, akarudi macho mekundu akasema "kaka huko nyuma hapakaliki".

Kisha kompresheni. Kama fundi wako anapima injini ya baridi, au kachomoa plagi moja moja, au hajakanyaga akselereta mpaka chini wakati anapiga stata, namba anayokupa ni ya kukufurahisha tu. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, akselereta chini, betri nzima. Tukapata silinda ya kwanza PSI 178, ya pili 172, ya tatu 120, ya nne 170. Hapo namba peke yake haina maana kama pengo, silinda moja imekaa mbali na wenzake. Fundi akachukua sirinji akatia oili kidogo kwenye tundu la silinda ya tatu, akapima tena, ikapanda mpaka 162. Oili imeziba kwa muda pale ringi zinapopitisha, ndio maana imepanda, ingekuwa valvu au gasketi ya hedi isingesogea. Ili tusibishane tukaweka pia upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa juu, ukasikia unapumua kwenye mdomo wa kuwekea oili, huku rejeta imetulia bila povu hata moja. Ringi hizo. Na sili za valvu juu yake.

Wengine wangeshusha injini kesho yake. Fundi alishaanza kutafuta mnyororo wa kuinulia. Nikamwambia fundi wangu subiri kwanza, tupandishe gari.

Mimi nakaa Raskazone. Anayekaa Raskazone anajua, ukifungua dirisha wakati wa kusi baada ya wiki bawaba za mlango zinalia, kufuli la geti linabadilishwa kila mwaka, feni inakufa ikiwa bado ina risiti. Chumvi. Na hizi gari nyingine kabla hazijaja kwetu zimekaa kaskazini mwa Japani ambako majira ya theluji wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kwa hiyo kuna gari imelambwa chumvi kule na inalambwa huku. Injini unaweza kuitengeneza mara tatu. Bodi ya Altezza ikishaoza pale inapobeba shokapu au pale subfremu ya nyuma, ile fremu ndogo inayoshika miguu ya gari, inapofungwa, hakuna wa kukupa nyingine, ni kuchomelea vipande vya bati na kupaka puti na kuomba dua. Kwa hiyo nikajiwekea sharti kabla sijaangalia ili nisije nikajidanganya baadaye: nikikuta kutu imekula sehemu zinazobeba uzito, siweki hata shilingi kwenye injini, nauza gia boksi, viti na diff, bodi inakwenda kwa watu wa chuma chakavu.

Nikalala chini na bisibisi kubwa na taa ya kichwani. Unagonga kwa mpini wa bisibisi polepole kuanzia mbele, kwenye ile kingo ya chini ya mlango. Bati zima linajibu ting, ting, lenye afya. Bati lililooza linajibu pof, na magamba yanakudondokea machoni, vaa miwani bwana. Upande wa kulia ting mpaka mwisho. Upande wa kushoto ting, ting, halafu nyuma kabisa karibu na tairi, pof. Nikageuza bisibisi nikasukuma ncha, ikaingia bila hata kunisalimia. Tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda, nyuma yake mchanga mwingi umekauka, huo ndio ulikuwa unashika maji ya chumvi pale. Moyo ukashuka kidogo.

Nikaendelea. Ndani ya boneti, pale juu shokapu za mbele zinapokaa, rangi ya kiwandani ipo na gundi yake ya viungio haijapasuka. Nyuma nikatoa kapeti ya buti, nikatoa tairi la spea, nikamulika, pakavu. Chini subfremu ina kutu ya juu juu ile ya kusugua na brashi ya waya ikatoka rangi ya fedha. Sehemu za kuwekea jeki zimekunjwa na mafundi wasio na huruma lakini bati nene. Nikamwita fundi bodi akakague na yeye, maana mwenye gari huona anachotaka kuona, akagonga yake, akasema lile tundu ni kukata na kuchomelea kipande, laki na nusu na rangi, kwingine hakuna shida ila nikimaliza nipige dawa ya kuzuia kutu kwa ndani ya kingo zote, na niache kupaki ukingo ule wa bahari kila jioni kula upepo. Hilo la mwisho sijaahidi.

Basi uamuzi ulishafanyika pale chini ya gari. Gari yenye mifupa mizima inastahili injini, hata kama kwa hesabu ya soko haitarudisha hela, na hairudishi, nisidanganye mtu. Ukiweka milioni tatu kwenye injini ya Altezza huwezi kuiuza kwa milioni tatu zaidi, mnunuzi atakupa bei ya Altezza na kukusifia rangi. Mama watoto aliniuliza hilo hilo kwa sauti ya upole ile ya hatari. Nikamjibu kwamba hiyo hela nyingine ingekwenda kwenye gari ambayo sitaipenda, akasema sawa baba fulani, ila ada za muhula ujao zitoke kwanza. Zimetoka.

Injini ikashushwa. Tulipofungua tukakuta ringi za oili za pistoni ya tatu zimeganda kwenye mifereji yake, kaboni nyeusi ngumu kama lami, hata kwa ukucha hazichezi, na vile vitundu vya kurudishia oili nyuma ya ringi vimeziba kabisa. Hii ni kazi ya oili isiyobadilishwa kwa wakati, sijui ya kwangu au ya Mjapani, imeshapita. Swali lililobaki lilikuwa kuta za silinda, maana ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa ikawa na umbo la yai ni hela ya bure, zinakaa miezi michache moshi unarudi, na hiki ndicho kinachowafanya watu waseme ovaholi haisaidii. Fundi wengi hawapimi. Anapitisha kidole, anasema safi.

Nikapeleka bloku kwa mzee mmoja wa mashine, alikuwa kwenye karakana za mashamba ya mkonge enzi hizo, sasa ana chumba chake kidogo huko Makorora na leithi iliyomzidi umri. Nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, iweke hapo. Hakuuliza gari gani. Akafuta silinda kwa kitambaa cheupe, akashusha geji yake juu, kati, chini, kisha akaigeuza akarudia, kila namba anaandika kwa chaki kwenye bloku lenyewe. Kipimo cha kiwandani ni milimita 86. Tatu zilikuwa nzuri na bado zina mistari ile ya msalaba ya kushikia oili. Ya tatu mistari imefutika upande mmoja pamekuwa kioo, na juu pale ringi inapogeukia kuna kingo ndogo sana, akanishika kidole akanipitishia, "unaisikia?" Nikasema kidogo. "Ukucha umekwama?" Haujakwama. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia ya milimita, akasema hii haihitaji kutanuliwa, nitaisugua mistari irudi, weka ringi za saizi ile ile, na kila ringi uiingize kwenye silinda yake kwanza upime pengo kabla ya kuivalisha pistoni. Halafu akanionyesha namba ndogo zilizogongwa kwenye bloku na kwenye krenki, akasema beringi za Toyota unajumlisha hizo mbili ndio unajua unene wa kununua, usikubali muuzaji akwambie zote sawa. Fundi wangu aliyekuwa amesimama nyuma akajikohoza.

Krenki haijachongwa, ipo sawa. Hedi imekwenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso, kidogo na kubadilishwa sili za valvu zote kumi na sita, na valvu za kuingizia hewa za hii injini ni titani, kwa hiyo nilimsisitiza fundi wa hedi asizisage kwa unga kama za Corolla maana juu zina tabaka gumu, likitoka ndio basi. Taiming belti, tensha, wota pampu, sili za krenki za mbele na nyuma, vyote vipya maana injini iko chini na kazi ya kuvifikia ni bure. Klachi nilipima, inabaki. Koili za plagi zinabaki. Nilishawishika kununua ekzosi mpya nikajizuia.

Mpaka sasa imekwenda kama milioni mbili na laki saba pamoja na bodi, fundi bado nusu yake. Ikiwaka sitaiacha isimame inanguruma nusu saa kama wanavyopenda, ringi zinakaa kwa mzigo, nitaitoa barabarani mapema, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, bila kupita RPM 4,000 mwanzoni, oili ya kwanza namwaga mapema sana, na Segera nitakwenda na kurudi kabla sijafikiria kupanda Mombo kwenda Lushoto. Kompresheni nitapima tena na nitaziweka namba hapa hata kama zitaniaibisha.

Kilichokwama ni sili za valvu. Zilizopo mjini ni za 3S-FE, ndugu wa kawaida wa injini yangu, na muuzaji anaapa zinaingia, mimi siweki kitu kwa kuapiwa. Kuna mtu kaniambia Mombasa zipo orijino, ni kuvuka Horohoro tu. Mwenye duka analolijua huko anitumie meseji, hedi inarudi Jumatano.